Kabla ya kusema "usimpe mtu PIN", tuandike maelezo yanayosomeka

Kuna mama anayeuza mikeka na vikapu vya mikoma pale Lodwar ambaye hajawahi kusoma menyu yetu hata siku moja. Alikuwa ameikariri kwa vidole. Moja, kisha namba ya kijana wake aliye chuoni Kitale, kisha pesa ngapi, kisha PIN. Miaka mitatu njia hiyo haikumwangusha. Siku moja mwaka jana akatuma shilingi 1,500 za kulipia mtihani. Baada ya dakika chache kijana akapiga simu: "Mama, mbona umeninunulia muda wa maongezi wa 1,500?"

Mama hakukosea kubonyeza. Sisi ndio tuliokuwa tumehamisha moja. Wiki ile tulikuwa na bonasi ya muda wa maongezi, na sisi wa masoko tukaomba iwekwe juu kabisa kwenye menyu ili kila mtu aione. "Tuma pesa" ikashuka hadi namba mbili. Na kwa bahati mbaya, kumnunulia mtu muda wa maongezi kunauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: namba ya simu, kiasi, PIN. Hapakuwa na mahali pa kumshtua. Mwishoni kulikuwa na sentensi ya kuthibitisha, lakini kwa mtu asiyesoma, sentensi ya kuthibitisha ni kitu cha kubonyeza tu ili kazi iishe.

Ukurasa wetu wa msaada, ule tunaouita mwongozo, ulikuwa bado unasema "bonyeza 1 kutuma pesa". Bango letu kwenye ukuta wa wakala wake pia. Kwa hivyo hata angekuwa na mtu wa kumsomea, angesomewa makosa.

Alirudishiwa pesa zake siku ya nane, baada ya kwenda na kurudi kwa wakala mara nne. Kijana wake alibaki na muda wa kuongea hadi Krismasi, na mtihani wa awamu ile ulikuwa umempita.

Tunasimulia hili hapa kwa sababu katika blogu hii tumewahubiria sana. Usimpe mtu PIN. Soma meseji kabla ya kuthibitisha. Kuwa makini na matapeli. Yote ni kweli na tutaendelea kuyasema. Lakini baada ya kuzunguka Lodwar na Kakuma na kuketi kwenye viti vya mawakala tukitazama watu wakitumia huduma, tuna maoni ambayo pengine hayatapendwa ofisini: sehemu kubwa ya yale tunayoyaita makosa ya mteja ni makosa ya maandishi yetu.

Tukisema maandishi, hatumaanishi kurasa za mtandao peke yake. Ni menyu yenyewe, meseji inayokuja ukishatuma pesa, bango la wakala, ile karatasi ya viwango vya ada iliyobandikwa mlangoni na jua la Turkana likaikausha hadi ikawa nyeupe. Hayo yote yanaandikwa na mtu, na ofisi nyingi huyapa nafasi ya mwisho. Huduma ikishatengenezwa na tangazo likishapigwa picha, ndipo mtu anakumbuka: nani ataandika maelezo? Mara nyingi anapewa yule aliyeajiriwa juzi. Tunajua, kwa sababu tulikuwa sisi. Chuoni tulifundishwa kuandika tangazo la sekunde thelathini, na tukafanyiwa mtihani. Hakuna aliyetufundisha kuandika "salio lako halitoshi", ilhali mteja husoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko tangazo lolote.

Na hiyo sentensi ndiyo iliyotuaibisha zaidi, tulipofika Kakuma.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini magharibi, lakini kwa upande wa lugha ni safari ndefu zaidi. Lodwar mteja wetu wa kawaida anazungumza Ngaturkana nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza kidogo au kingi kutegemea shule. Kakuma ni kambi iliyoanza 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016 ina zaidi ya watu 200,000. Kwenye foleni moja ya wakala utasikia Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kioromo, Kiamhari, Kirundi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo, na Waturuki... samahani, Waturkana wenyeji waliokuja kuuza makaa na mbuzi. (Simu ya mmoja wetu husahihisha maneno yenyewe, nayo haijawahi kusikia habari za Turkana. Tumeliacha kosa hilo hapa makusudi.) Watu hao si wageni wa pesa za simu. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza kutuma sehemu ya msaada wa chakula hapo kupitia laini za simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Jina zuri lile. Hata ambaye hajui Kiswahili sana alielewa kwamba hapa kuna chakula cha kupata, na duka lenye bango hilo ndilo la kuingia.

Sasa, pale Kakuma tulikutana na mzee mmoja kutoka Kivu. Alikuwa amezunguka kwa mawakala watatu asubuhi ile akitaka kutoa shilingi 500. Kila mahali simu ilimjibu "Salio lako halitoshi", naye akaondoka akiwa na hasira na wakala, akaenda kwa mwingine. Tulidhani hasomi. Kumbe anasoma vizuri kuliko baadhi yetu, alikuwa mwalimu kwao. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili chake cha Kongo, kutosha ni kuondoa kitu, kukitoa mahali kilipo. Mtu husema "natosha pesa" akimaanisha anaitoa. Kwa hivyo yeye alisoma kwamba pesa haitoki, yaani mashine ya huyu wakala imekwama, jaribu jirani. Angejuaje kwamba tunamaanisha ni kidogo? Alikuwa na shilingi 510. Zilitosha 500, kwa hesabu ya mtu yeyote. Tulichokuwa hatujamwambia ni ada.

Tuliketi hapo hapo kwenye benchi tukaandika meseji upya, yeye akitusahihisha kama wanafunzi wake wa darasa la nne. Kwa mfano, tuseme ada ni shilingi 29: "Pesa yako ni kidogo. Una Ksh510. Kutoa Ksh500 unahitaji Ksh529, pamoja na ada ya Ksh29. Imepungua Ksh19." Mkongomani anaelewa, Mturkana anaelewa, mtoto wa darasa la tano anaweza kumsomea nyanya yake. Haijafika hata herufi 110.

Tunahesabu herufi kwa sababu hapo ndipo wenzetu wa mitambo hutukumbusha mipaka. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Menyu inayofunguka ukibonyeza nyota, tarakimu na hashi hubeba 182 kwa skrini moja. Ukiweka herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya simu, meseji nzima inashuka hadi herufi 70. Ngaturkana huandikwa na ŋ. Kidinka kina ŋ, ɛ na ɔ. Kiamhari kina hati yake kabisa. Kisomali kimebahatika, kwa sababu tangu 1972 kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na mapambo, kinaingia vizuri kwenye 160. Kwa hivyo mtu akituambia "tafsirini tu kwa lugha zote", tunamwelewa, lakini neno "tu" lina kazi nyingi ndani yake. Meseji ya Kiamhari yenye urefu ule ule wa Kiswahili inaweza kukatika vipande viwili, na kipande cha pili kikifika kwanza, mteja anaona salio kabla ya kujua amepokea kutoka kwa nani.

Kuna mpaka mwingine ambao hatukuufikiria hadi tulipouona kwa macho. Ile menyu ya nyota na hashi haisubiri. Ukikaa sana bila kujibu inajifunga. Kwa kijana anayesoma haraka si neno. Kwa mtu anayesoma silabi kwa silabi, "thi-bi-ti-sha", menyu inafungwa akiwa katikati ya neno, anaanza tena, inafungwa tena. Mara ya tatu anafanya nini? Anampa wakala simu na kumnong'oneza PIN.

Hapo ndipo penye uchungu. Tumeandika mara ngapi "usimpe mtu yeyote PIN yako"? Tumeiandika kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini mtu aliyesimama pale na mtoto mgongoni, jua limeiva na duka la unga linafungwa saa saba, ana njia mbili: arudi bila pesa, au atoe PIN. Tunamwandikia onyo badala ya kumwandikia njia ya tatu. Halafu pesa zikipotea tunamwonyesha onyo.

Mawakala wengi tuliowaona ni waaminifu, na hilo lisemwe. Mmoja wao Kakuma ndiye aliyetufundisha kazi yetu. Alikuwa amekata kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia, akaandika kwa kalamu nene na kukitundika juu ya kaunta:

"Nitakusomea. Angalia jina. Jina si lake? Bonyeza kataa. Jina ni lake? Geuka, weka PIN. Mimi sitaki kuiona."

Bango letu rasmi lilikuwa kando yake, la karatasi ngumu inayong'aa, lenye picha ya familia inayocheka na maneno kama hamsini. Tulisimama dakika ishirini hivi. Hakuna aliyelitazama. Kila mtu alitazama katoni. Neno "geuka" peke yake lilifanya kazi ambayo kampeni zetu hazijafanya: watu waligeuka kweli, wakaipa kaunta mgongo, wakabonyeza wenyewe. Tulipouliza wakala alilipataje, alisema alichoka kujua PIN za watu. "Pesa ya mtu ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni nani? Ni mimi."

Tulipiga picha katoni ile na kuipeleka Nairobi. Kuna aliyeuliza kama tunaweza kuiboresha kidogo iendane na rangi za kampuni. Tunaomba isiboreshwe.

Wenzetu wengine wana hoja tofauti, na si wajinga. Wanasema programu ya simu janja itamaliza haya yote, kutakuwa na picha na sauti, hakuna haja ya kuhangaika na menyu za zamani. Inaweza kuwa hivyo siku moja. Lakini pesa za simu zilienea Kenya kwa sababu M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007, iliweka menyu ndani ya kadi ya simu, na simu yoyote ikaweza kuitumia. Turkana kabambe bado ndiyo simu inayokaa na chaji mpaka mtu arudi kutoka malishoni. Kumwambia mchungaji asubiri simu janja ni kumwambia asubiri reli.

Hoja ya pili inatuuma zaidi, kwa sababu ina ukweli. Vijana wa Lodwar walituambia menyu ya Kiingereza ni rahisi kwao kuliko ya Kiswahili. Tulikasirika kidogo, tukadhani ni maringo. Wakatuonyesha: kwa Kiingereza neno ni lile walilolisikia kwa wakala tangu utotoni, lakini kwa Kiswahili tumewapa "muamala", "mpokeaji", "batilisha", maneno ambayo hawajawahi kuyasikia mtu akiyasema sokoni. Wakala hasemi "batilisha muamala". Anasema "rudisha pesa". Tuliandika Kiswahili cha ofisini tukaamini tumeandika kwa ajili ya watu. Hata "toa pesa", ambalo tulilidhani ni jepesi kabisa, kuna mama aliyetuuliza, "Natoa kumpa nani?" Swali zuri. Kutoa ni kumpa mtu pia. Siku hizi tunajaribu "chukua pesa kwa wakala", na hadi sasa hakuna aliyetuuliza tena.

Basi tunataka nini? La kwanza, na hili tumelipigania hadi likapita: namba za menyu hazihami. Tuma pesa ni moja na itabaki moja. Huduma mpya inaingia chini, hata kama idara ya masoko, yaani sisi, inalia. Watu wameikariri menyu kama wanavyojua njia ya kwenda kisimani, na hakuna anayehamisha kisima kwa sababu ana tangazo.

La pili, hakuna ukurasa wa maelezo utakaotoka kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya watu wawili wasiofanya kazi kwetu, mmoja Lodwar na mmoja Kakuma. Si kuulizwa "umeelewa?" Hilo kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima. Ni kupewa simu na kuambiwa, haya, fanya. Tukikaa kimya na kutazama vidole, tunaona neno linalomsimamisha. Mara ya kwanza kufanya hivyo, ukurasa wetu wa kurudisha pesa uliotumwa kimakosa uliangukia kwenye mstari wa kwanza. Ulianza na historia ya huduma. Mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake hana haja na historia, mpokeaji anaweza kuzichukua wakati wowote. Sasa mstari wa kwanza unasema usifute meseji, tupigie sasa hivi. Hayo mengine yako chini.

La tatu ni dogo lakini limetusumbua. Kila bango na kila ukurasa uwe na tarehe. Ukienda kwa wakala ukaona bango letu halina tarehe, ni la zamani, usiliamini, mwambie alitoe. Tumeyakuta ya miaka mitano pale karibu na mto Tarach, yenye ada zilizokufa zamani, na wateja wanagombana na wakala kwa sababu yake.

Na wewe msomaji, wakati sisi tunajirekebisha, kuna jambo moja tu tunakuomba. Kama kuna mtu nyumbani kwako asiyesoma, usimfanyie. Mfundishe kutambua umbo la jina. Mama yule wa Lodwar hasomi, lakini anajua jina la kijana wake linavyoonekana likiandikwa, linaanza na ile herufi iliyopinda. Tumehamisha jina likae mwanzo kabisa wa sentensi ya kuthibitisha, kabla ya kiasi, kabla ya neno lolote. Na ukinunua muda wa maongezi, hapo mwanzo halitokei jina, inatokea picha ya simu iliyochorwa kwa alama za kawaida za kibodi. Si nzuri. Inafanana na sanduku. Lakini haifanani na jina la mtoto wake.

Kwa sasa tunarekodi maelezo kwa sauti, ili mtu apige namba asikilize bila malipo, tukianza na Ngaturkana na Kisomali. Kazi imekwama kwenye neno moja. Mama anayetusaidia kutafsiri Lodwar anakataa tuseme "PIN" hivi hivi, anasema mtu atadhani ni pini ya nguo. Amependekeza maneno yenye maana ya "namba inayokaa tumboni", kama siri inavyokaa. Mwenzake anacheka, anasema wazee watatafuta daktari. Wamebishana wiki mbili sasa. Kama una neno unalotumia nyumbani kwako, kwa lugha yoyote inayozungumzwa kati ya Lodwar na Kalobeyei, mwachie wakala wako ujumbe. Tunapita kuyakusanya kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi.